Waridi la Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni

Jumapili, 2 Machi
Nimeligundua! Nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Waridi la zamani, halina mtunzaji, limekumbatia ukuta. Maua ya rangi ya krimu, shingo zimeinama, harufu ya majani makavu ya chai. Waridi la chai! Halimo katika kitabu changu hata kimoja, na vitabu ninavyo. Shemeji atakoma.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaja. Ni kaka wa mke wangu, mfamasia mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wapenda maua. Mke wangu kamwambia kila kitu! Ameshakwenda kuliona. Eti ni waridi la Kichina, kwa sababu petali zinakolea rangi juani. Uongo! Zinapauka. Nikamwambia pua yake ilifia kwenye duka la dawa. Kanijibu kwamba pua yake nzima, ila kitabu changu ndicho kinachohitaji vidonge. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechukua vipandikizi, nikavichomeka kwenye makopo na kuvifunika kwa chupa za jemu. Kisha nikalikata waridi lenyewe hadi usawa wa kifundo cha mguu, Shemeji asipate hata kijiti. Vitabu vyasema waridi la chai halivumilii kupogolewa hivyo. Vitabu huandikwa na waoga.

Jumamosi, 15 Machi
Kila asubuhi nachomoa vipandikizi kuangalia mizizi. Hakuna. Mke wangu kauliza kama watoto wetu nao ningewachomoa kitandani kila asubuhi kuwapima urefu. Nikachomoa kingine.

Jumapili, 30 Machi
Vipandikizi vimeoza vyote. Nikakimbilia kiwandani. Kisiki cheusi, kikavu. Lilistahimili ukame, mbuzi na moshi wa sabuni. Mimi halikuniweza. Nimekaa ukutani pale hadi mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Jumapili, 4 Mei
Maonyesho ya chama. Nilikwenda kugomba tu. Mezani kwa Shemeji, ndani ya chungu: waridi langu! Ua moja, krimu, shingo imeinama. Kumbe mke wangu aliokota kijiti kwenye takataka zangu akampelekea kaka yake. Kibao kimeandikwa: waridi la chai, limegunduliwa na shemeji yangu. Shemeji alikiri mbele ya wote kwamba nilikuwa sahihi! Kisha akanikabidhi chungu. Akasema hakuna jingine popote, kwa hiyo tafadhali, shemeji, nakuomba, lisikatwe, lisiguswe, limwagiliwe tu. Nikakikumbatia chungu. Machozi, nadhani.

Jumatatu, 5 Mei
Waridi liko dirishani. Sikulala. Mfamasia gani hutoa kitu bure? Huu ni mtego! Pengine kachomeka kijiti kitupu, kinikaukie mikononi, chama kizima kinicheke. Nililivuta kidogo tu, kuhakikisha.
Nimemdhania vibaya. Lina mizizi! Mingi, myeupe, mizuri ajabu.
Mingine imebaki kwenye udongo.