Ufunguo wa Mlango Usiokuwepo

Siku Asali aliposikia kwamba dunia nzima imeshindwa kufunga kitu kimoja, alijua riziki imemkumbuka.

Asali lilikuwa jina la mdomo wake, si la tabia. Alikuwa kwenye kibanda cha shemeji yake, fundi simu, akipokea masimango yake ya kila asubuhi. Alikuwa ameiweka rehani cherehani ya mkewe, na mke akahamia kwa kaka yake, fundi huyo, akaapa harudi mpaka cherehani itangulie. Redio ikasema wajumbe wa mataifa wamefika hoteli kubwa ya mjini kutunga sheria ya akili bandia huria, ile ya bure, ambayo mtu yeyote anaichukua, anaifungua ndani na kuibadilisha apendavyo. Kila taifa lilitaka idhibitiwe, ila kwa wenzake.

"Kwa hiyo haina mwenyewe?" Asali akauliza.

"Mwenyewe ni kila mtu," shemeji akajibu, macho kwenye simu aliyoipasua. "Hata wewe naweza kukuwekea."

"Niwekee. Na uifunze adabu."

"Nitaifunza, shemeji. Ondoa shaka."

Ng'ombe asiye na mwenyewe hukamuliwa na mwenye ndoo. Asali akaazima suti kwa dobi, ambaye naye aliiazima kwa mteja bila mteja kujua, akaingia hotelini kifua mbele.

Huko waheshimiwa walikuwa wakibishana nani akae karibu na feni. Ndivyo walivyo wakubwa wetu: sisi tunazika watu kwa kukosa dawa, wao wanaahirisha kikao kwa sababu juisi haina barafu. Simu ya Asali, akili bandia ya shemeji ikiwa ndani, ikamwandikia kila mjumbe kwa lugha yake, kwa siri, kwamba upo Ufunguo Mkuu, mmoja tu duniani. Atakayeushika atazima akili bandia za wote na kubakiza ya taifa lake. Ufunguo wenyewe ulikuwa flashi iliyopakwa rangi ya kucha, ndani yake nyimbo za harusi. Asali alikuwa na mfuko mzima wa flashi hizo.

Mchana wajumbe wakatia saini, kwa sauti za msibani, kwamba hakuna taifa litakalomiliki ufunguo wowote peke yake. Wino haujakauka, wakaanza kushuka ngazi za jikoni mmoja mmoja hadi chumba cha kupigia pasi, alikokuwa Asali.

"Una hakika ni mmoja tu?" akanong'ona mjumbe mnene, jasho likimtiririka.

"Mheshimiwa, mlango mmoja unataka funguo ngapi?"

Hakuna aliyeuliza huo mlango uko wapi. Wala hakuna ambaye angekwenda polisi, maana angelazimika kuanza kwa kueleza saini yake. Asali alikaribia kucheza ngoma juu ya meza ya pasi.

Kwa kuwa mtu mwenye mabegi mengi ya pesa hutiliwa shaka, aliiagiza simu iwaambie wajumbe wayaache malipo kwenye stoo ya nyuma. Alipofika stoo alikuta ndoo na mafagio tu.

"Mabegi yako wapi?" akaiuliza simu.

"Kibandani kwa fundi," simu ikajibu kwa adabu kubwa. "Niliagizwa hivyo."

"Na nani?"

"Na aliyenifungua ndani, bosi."

Asali alikimbia mpaka suti ikapasuka mgongoni. Kutoka kibandani ilisikika sauti aliyoijua, ya cherehani ikila kitambaa. Mkewe alikuwa ameketi nyuma ya cherehani iliyokombolewa, mabegi miguuni, kaka yake akimshikia mkasi.

Asali akafungua mdomo wake wa asali. Akasema maadamu cherehani imerudi, basi waende nyumbani. Mkewe akasema imerudi kweli, ila mguu ulioileta si wa Asali. Kisha akauona mgongo wa suti, akanyoosha mkono.

"Vua. Hiyo nitakushonea bure, maana vya bure ndivyo unavyovipenda. Ukitaka kurudi kwangu, anza kwa kupiga pasi."

Asali akakaa kwenye benchi na fulana yake, akashika pasi. Redio ikasema mkutano umefana kupita matarajio: kila ujumbe umeondoka na tabasamu, na kila kiongozi ameushika mfuko wa koti lake kama mtu anayelinda yai.