Meya Amelala Rafu ya Kaskazini

Jumanne, 26 Novemba

Samahani, shajara. Mara ya mwisho nilipokushika, Jorin hakuwa na jino hata moja. Sasa anauma. Nimechoka, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Nimerudi kwa ajili ya mijusi wa Baba. Meya na Mke wa Meya, kijani wote wawili, Meya na koo lake la buluu. Baba alipofariki, Mama alihamia Bremen kwa dada yake, akaniachia wao. Alisema ameishi nao miaka yote, sasa anataka beseni lake la kuogea peke yake.

Wasipolala baridi hii yote, hawatakiona kiangazi. Baba alisema hivyo kila mwaka. Basi nafuata njia yake. Taa nimepunguza, chakula nimekata, leo nimewaogesha maji vuguvugu ili matumbo yabaki matupu. Mwanangu mkubwa, Enna, ameuliza kama na yeye akilala hadi Machi atasamehewa kuoga. Nimemwambia hapana.

Nimewapima kwenye mizani ya unga. Baba alifanya hivyohivyo, Mama akifoka kutoka sebuleni bila kuhitaji kutazama. Siku hizo jikoni kulinuka mdalasini na mjusi. Leo nimevuta pumzi ndefu. Mdalasini tu.

Alhamisi, 28 Novemba

Wapi sasa? Friji, mume wangu Thilo kakataa. Anasema hawezi kufuata jibini akakuta mtu amelala. Kibarazani wataganda. Chumba chetu cha stoo, chini ya jengo, kinapitiwa na bomba la joto. Hapo Meya ataamka katikati ya baridi, atamaliza mafuta ya mwili wake, basi tena.

Pamebaki mahali pamoja tu: rafu ya ukuta wa kaskazini, kwenye ujia wa kule chini, ambako jengo zima huhifadhi makopo ya biskuti za Krismasi. Baridi safi! Lakini rafu ina mtawala. Bibi Dürrwächter wa ghorofa ya chini. Vyakula tu, amri yake. Zamu yake ya kufagia ni wiki moja kama ya kila mtu, ila macho yake yanafagia mwaka mzima. Niliwahi kuacha gari la mtoto chini ya ngazi. Akanisimamisha mbele ya watu: "Binti, hapa si gereji."

Mpango! Kopo la biskuti la Baba, lile la buluu, alilolitoboa kwa msumari. Ndani udongo na majani ya mwaloni. Nje utepe wa lesi kufunika matundu, lakini hewa ipite. Na karatasi: BISKUTI ZA SIAGI. Nani atashuku?

Jumamosi, 30 Novemba

Wamelala. Enna amewaaga kama nilivyomfundisha, kama Baba alivyonifundisha: "Lala salama, Mheshimiwa. Tuonane Machi." Nikafunga kifuniko haraka, maana machozi yalishafika.

Chini nimemkuta nani? Bibi Dürrwächter na ufagio. Kibao cha zamu kinaning'inia mlangoni kwake wiki hii. Kalitazama kopo, kauliza ni siagi kweli au majarini. Siagi tupu, nikasema. Kasema ataamini akionja. Nikacheka. Mjinga mimi!

Jumapili, 1 Desemba

Jumapili ya mshumaa wa kwanza wa Majilio. Kahawa kwa Bibi Dürrwächter, jengo zima. Naingia na watoto, naona mezani, kando ya mshumaa, karibu na hita: kopo la Baba! Amepandisha makopo yote kwa kikapu chake, kutupunguzia ngazi.

Nikasema zimeungua. Hakuna aliyejali. Nikasema zina njugu na Jorin zinamdhuru. Bibi akajibu kwamba Jorin hajakaribishwa kula. Bwana Pfisterer wa ghorofa ya tatu alishanyoosha mkono. Bibi akauondoa, akafungua mwenyewe.

Alitazama ndani kwa muda mrefu. Sisi wengine tuliona kifuniko tu. Kisha akakirudisha polepole.

"Hizi bado," akasema. "Zinahitaji kupumzika."

Akashuka nazo bila koti. Nikamfuata. Alilisukuma kopo pembeni kabisa, penye baridi kuliko kote, nyuma ya makopo yake. Akaniambia Baba aliwahi kumchosha kwa habari za mijusi jioni nzima, siku tulipohamia, huku amebeba mguu wa kitanda chetu.

"Aliniambia wakishapoa wasiguswe," akasema. "Nilidhani simsikilizi."

Halafu, akiwa ngazini: "Mwakani andika kabichi chachu, binti. Kabichi haina mwizi."

Jumatatu, 2 Desemba

Hawajaamka. Nimeshuka mara nyingi kuhakikisha, hadi Thilo akauliza kama nawalaza au nawaamsha.

Ushauri wa Bibi ni mzuri. Siufuati. Meya wa Baba alale kwa jina la kabichi? Kamwe. Nina mpango bora, ninampigia Mama simu leo. Anitumie kipimajoto cha Baba chenye kamba. Glavu zake za sufu, hata ile yenye tundu, mikono yangu inaganda kule chini. Majani ya mwaloni, mfuko mmoja. Kopo lake kubwa, jekundu, la mwakani. Na zile karatasi za kubandika zenye ukingo wa dhahabu, niandike kwa herufi zinazoonekana toka mlangoni: KEKI YA RAMU YA BABA.