Bibi Dumu na Mikono ya Baba Mkwe

Mpendwa wangu, wewe ninayekwambia mambo kabla hata baba watoto hajayajua, leo nimeaibika. Nimeaibika huku nimepiga magoti!

Ngoja nianze mwanzo. Na furaha ninayo.

Unajua nafundisha chekechea hapa kanisani kwetu Katoro. Watoto wangu wengi mama zao wanashinda mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Mtoto anachezea tope la kule, anakuja darasani, anashika andazi. Nimeimba "nawa mikono" mpaka sauti imekauka. Nikiuliza, "Mmenawa?" wote, "Ndiyooo!" (Waongo wadogo wa Bwana.)

Basi kule darasa la jioni ninakosoma ufundi wa redio na simu (ndiyo, kwa umri huu, miwani puani, nalehemu waya), nikamwambia mwalimu wetu, fundi Yusufu, nataka kitu cha kumwitikia mtoto salamu halafu kimpeleke kunawa. Tukakitengeneza! Dumu la mafuta la lita ishirini, nimelichora macho na kilemba, ndani kuna spika ya redio mbovu na sauti yangu mwenyewe. Jina lake Bibi Dumu. Mtoto akisema shikamoo, anajibiwa: "Marahaba mwanangu! Mikono michafu hiyo, kanawe!" Na hanyamazi. Anarudia na kurudia mpaka mtoto akanyage kijiti cha kibuyu chirizi pale mlangoni, tulichokiunganisha naye kwa waya, maji yatoke. Hapo ndipo anasema, "Hongera! Mtoto wa mama huyo!"

Fundi aliniuliza, "Mama Doto, aitikie shikamoo peke yake?"

Nikasema hapana. Wa miaka mitatu wanasema "chikamoo", wengine "kamoo", na wa kutoka vijijini wanaamkia "mwangaluka" kwa Kisukuma maana Kiswahili bado. Sitaki mtoto asalimie asiitikiwe. "Aitikie sauti yoyote," nikasema, kwa maringo kabisa. (Shika hilo neno, yoyote.)

Juzi jioni kuna mtu kapita dirishani, kakohoa, dumu likamwitikia marahaba. Akaenda kutangaza kwamba darasani kwangu kuna pepo! Ndiyo leo asubuhi mchungaji na wazee wa kanisa wakaja kuamua, Bibi Dumu abaki au atolewe. Na mwenyekiti wa wazee ni nani? Baba mkwe wangu. Mzee ambaye tangu niolewe sijawahi hata kuongea naye nikimtazama usoni.

Nimeamka saa kumi, nimeomba, nimevaa kitenge kipya. Wakaingia darasani, watoto wote wapo. Nikapiga magoti kama nilivyofundwa.

"Shikamoo baba."

Kabla mzee hajafungua mdomo, sauti yangu ikatoka nyuma yangu: "Marahaba mwanangu!"

Mzee kanitazama. Niko chini, mdomo nimeufunga, na sauti ni yangu! "Mikono michafu hiyo, kanawe!"

"Unaniambia mimi?" akauliza.

"Marahaba mwanangu!"

Mayu wane, mama yangu wee! Nikakimbilia swichi. Swichi iko ndani ya dumu. Nimeihamishia ndani mwenyewe jana, maana watoto walikuwa wanaizima wasinawe, nikafunga kifuniko kwa skrubu nne. Bisibisi? Nyumbani, juu ya kabati. Haya, nikakanyage kijiti basi. Kijiti kiko mlangoni, na mlangoni amesimama baba mkwe. Utampitaje baba mkwe ubavuni, umsukume? Nikavua khanga ya mabegani nikalifunika dumu. Likaendelea kugomba humo ndani kama bibi harusi aliyeudhika.

Mchungaji akaona bora tuombe. "Baba yetu uliye mbinguni..."

"Marahaba mwanangu!"

(Bwana nisamehe. Nilitamani duara, lile shimo la wachimbaji, linimeze na ngazi yake.)

Mzee mmoja akanong'ona, "Si nilisema? Pepo hilo." Nikamwona Bibi Dumu anatupwa nje, na watoto wanarudi kula andazi kwa mikono ya mwaloni.

Ndipo Neema, mwanafunzi wangu wa miaka minne, akanyanyuka, akamshika baba mkwe kidole. "Babu, kanawe. Hanyamazi huyo."

"Mimi nimenawa nyumbani, mjukuu wangu."

Darasa zima: "Muongoooo!"

Mzee akatazama vidole vyake. Ugoro mpaka kwenye kucha. Akakanyaga kijiti, maji yakatoka, akasugua na sabuni huku watoto wanamhesabia.

"Na kucha, babu!"

Na kucha akasugua. Mwenyekiti wa wazee!

"Hongera! Mtoto wa mama huyo!"

Kwa sauti yangu. Kwa baba mkwe wangu. Mchungaji alikaa kwenye kigoda cha mtoto, anafuta machozi kwa tai. Na kicheko chenyewe kikamwamsha tena Bibi Dumu, ikabidi mchungaji naye akanawe. Akafuata yule wa pepo. Wazee wa kanisa wamepanga foleni, Neema anawakagua kucha. Haleluya!

Baba mkwe alipojifuta mikono akasema, "Miaka ishirini mkwe wangu hajawahi kuniudhi kwa neno. Kumbe alikuwa anayahifadhi kwenye dumu." Akawageukia wenzake. "Pepo gani anahimiza sabuni? Abaki."

Abaki! Mpendwa, Bibi Dumu anabaki!

Sasa nisaidie. Mtumie kisa hiki kila mama wa mwaloni unayemjua, na kila anayelea wadogo. Ila kikifika kijijini Didia, aliko mama mkwe, kabla sijaenda mwenyewe kupiga magoti nimweleze, nitajua ni wewe. Na kuanzia leo, popote niendako natembea na bisibisi.