Itifaki ya Mitungi Miwili

Taifa lilitangaziwa Jumatatu asubuhi, kwa mabango na vipaza sauti, kwamba moto umekosa adabu na sasa utafundishwa.

Idara ya Nidhamu ya Moto ilikuwa imegundua jambo zito. Mafundi wa kuchomelea vyuma walikuwa wakifungua gesi ya asetilini kwanza, wanaiwasha, ndipo wanaongeza oksijeni. Mkurugenzi wa Idara alishika kichwa. Tochi ya gesi hakuwahi kuishika, lakini mitungi aliiona pichani: wa oksijeni mrefu, wa asetilini mfupi mnene. Iweje mfupi atangulie, na mrefu yupo amesimama?

"Kwa kuzingatia ukubwa wa umbo," ulisema Mwongozo, chini yake saini ya Waziri, "oksijeni itatangulia."

Mafundi wakatii. Karakana zikaanza kulia paa! paa!, nyusi zikaungua mtaa mzima. Idara ikaipokea mishindo ile kama mwitikio chanya wa wadau.

Aliyekataa ni mmoja tu. Watu walimwita Mama Cheche, na kwa bahati mbaya alikuwa dada mkubwa wa Mkurugenzi, aliyemlea na kumsomesha kwa pato la tochi hiyo hiyo. Karakana yake ikapigwa lakiri. Akajifunga kanga, akaenda ofisini kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, unataka watu waungue?"

"Dada, hapa mimi si mdogo wako. Mimi ni mamlaka husika."

"Haya, mamlaka husika. Mama anakusalimu."

Akaondoka. Mkurugenzi alibaki ameinamia meza, dhamiri ikimsuta. Lakini dhamiri haikuwa na nguvu ya kisheria, akaipuuza, akaagiza mlango wa chuma ili wadau wasije tena na salamu.

Mlango ulipofika, Waziri mwenyewe alikuja kuuzindua, na waandishi wa habari nyuma yake. Mkurugenzi aliingia ofisini akajifungia, aonyeshe uimara wa mlango. Uimara ukaonekana. Kitasa kiligoma, ufunguo ukakatikia ndani, na dirishani kulikuwa na nondo.

Akaitwa fundi aliyeidhinishwa na Idara. Huyu aliufuata Mwongozo neno kwa neno: oksijeni, kisha asetilini, kisha kiberiti. Paa! Waziri alijikuta chini ya kiti. Fundi aliyeidhinishwa alionekana mara ya mwisho getini, mbio, kofia mkononi.

Katibu muhtasi, mama asiyependa makelele, akampigia simu Mama Cheche bila kuomba kibali.

Alikuja na mitungi yake kwenye toroli, imesimama wima, imefungwa mnyororo. Kwanza alinawa mikono kwa sabuni, kwa sababu oksijeni na mafuta ni paka na panya. Akafunga mipira ya kupitishia gesi na vali za kuzuia moto usirudi nyuma, akapaka povu la sabuni kwenye maungio na kuyatazama kama yatatoa mapovu, dalili ya gesi kuvuja. Akaviringisha zulia, akaondoa pazia, akataka ndoo ya maji.

"Dada, fanya haraka! Humu joto!" ilisema sauti ya Mkurugenzi.

"Haraka ndiyo iliyokuingiza humo. Nenda kona ya mbali, ujifunike macho."

"Nimeshaenda."

Akavaa miwani ya giza. Halafu akausogelea mlango.

"Mamlaka husika, nifungue upi kwanza?"

Waandishi wakasogeza vinasa sauti vyao mlangoni. Waziri akakohoa. Ndani, Mkurugenzi alipiga hesabu. Akitaja oksijeni, atalipuliwa na dada yake kwa mujibu wa sheria. Akitaja asetilini, cheo kimekwenda.

"Dada... mfupi," alisema taratibu.

"Sikusikii, baba."

"Asetilini! Asetilini kwanza! Na lakiri ya karakana yako nimeiondoa! Nisamehe, dada yangu!"

Mama Cheche akafungua asetilini kidogo, akaigongea kiwashio cha cheche, ulimi wa njano ukatoka. Akaongeza oksijeni polepole hadi moto ukawa wa buluu, umenyooka, umetulia. Hakuna kilicholia paa. Bawaba moja ikakatika, ya pili ikafuata, mlango ukang'oka, Mkurugenzi akatoka.

"Asetilini kwanza," Waziri aliwaambia waandishi, akijipangusa magoti. "Nimekuwa nikilisema hili siku zote."

"Lakini Mheshimiwa," mwandishi mmoja akauliza, "saini iliyo kwenye Mwongozo ni ya nani?"

Waziri akaitazama saa yake, akakumbuka kikao.

Kikao kilifanyika kweli. Kesho yake ikatangazwa kwamba Waziri amepumzishwa kwa heshima zote, na Mkurugenzi amepangiwa majukumu mapya ya kimkakati: mwanafunzi wa uchomeleaji, karakana ya Mama Cheche, hadi hapo atakapofuzu. Alifika na tai shingoni na mkoba wa ngozi.

"Vua hiyo tai, itashika moto," dada yake alimwambia. "Umekula?"

"Bado."

"Chai iko ndani. Ukimaliza, uje ufagie."

"Nitaripoti kwa nani?"

Akapewa fagio. Alifagia kuanzia mlangoni hadi kwenye jiwe la kusagia vyuma, akazoa vipande na vumbi. Jioni alisimama katikati ya sakafu, akageuka huku na huku akiitazama. Katika utumishi wake wote, ndiyo kwanza alikuwa amefanya kazi inayoonekana kwa macho.