Balozi na Ndege wa Chuma

Balozi hakuwahi kuwa balozi wa nchi yoyote. Alijiwakilisha mwenyewe tu, kila mahali penye chakula. Siku hiyo alikuwa amekaa mapokezi ya hoteli mpya, anapumzisha miguu kama mgeni aliyelipa, akamsikia mwenye hoteli analalamika.

"Wenzetu wa ng'ambo ya barabara wameweka sanamu, watu wanapigia picha. Sisi tuna kalenda!"

Balozi masikio yakasimama. Akasimama na yeye.

"Samahani mzee, ukuta wako unalia."

"Unavuja?"

"Unalia upweke. Mimi ni msanii wa chuma. Hapa panataka ndege, mabawa huku na huku, kama anaondoka lakini hataki."

Sasa, mwenye hoteli alikuwa bahili, angeweza hata kulikataza jua kuingia bure. Kutoa pesa moyo ukamuuma. Wakapatana hivi: ndege akisimama vizuri siku ya ufunguzi, Balozi atalala na kula pale mwaka mzima. Na Balozi, jamani, alikuwa ameshafukuzwa na wenye nyumba watatu, nguo zake zote zimo kwenye mfuko mmoja. Mwaka mzima wa shuka safi! Ungempa ubunge angekurudishia.

Kasoro ilikuwa moja tu. Chuma alikijua kwa kukiona.

Akaenda kwa shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa kuchomelea mageti.

"Shemeji, wewe ni damu yangu."

"Damu yako ni dada yako. Mimi nilioa tu. Unataka nini?"

"Ndege. Wa kituo cha yatima. Watoto wanakosa cha kutazama."

Fundi ana huruma, ndiyo ugonjwa wake. Akaokota minyororo ya baiskeli, springi, vijiko, akakata manyoya ya bati moja moja. Wiki tatu. Ndege akasimama urefu wa mlango, ukimtazama unasahau ulikokuwa unakwenda.

Ila mafundi wa chuma wana desturi yao. Kitu kikubwa hawakimalizii karakana. Wanakishikiza kwa nukta nukta, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona. Kikifika mahali pake kikakaa sawa, ndipo wanakichomelea kabisa. Fundi akasema, "Kesho nitakuja na mashine huko kwa yatima, nimalizie."

Aje wapi? Kwa yatima gani? Asubuhi fundi kaenda dukani, Balozi kaja na mkokoteni wa kukodi na msukumaji wake, wakambeba ndege.

Ufunguzi ukajaa watu. Balozi kavaa koti la kuazima, anasema ndege huyu ni roho yake. Mwenye hoteli kwa furaha akampiga ndege kofi la bega.

Ting! Unyoya. Kisha bawa. Kisha kichwa kikaviringika mpaka miguuni kwa mgeni wa heshima, kikatulia pale kinamtazama.

"Na hiyo," Balozi akasema, jasho linamtiririka, "ndiyo kazi yenyewe. Inaitwa Kujivua."

Watu wakatazamana. Nani anataka kuonekana mshamba? Mmoja akapiga makofi, wote wakafuata. Mama mmoja akafuta machozi.

Ndipo fundi akaingia, mashine begani. Yule msukuma mkokoteni alikuwa amemwelekeza. Akamtazama ndege, akalitazama koti.

"Hawa ndio yatima?" akamnong'oneza shemeji yake.

Balozi akamkonyeza mpaka jicho likachoka. Fundi angeweza kupiga kelele. Badala yake akainama kwa adabu.

"Wageni wetu, nimemletea Mwalimu mashine yake. Sehemu ya pili ndiyo tamu: anamfufua ndege mbele yenu."

"Kumbe ina sehemu ya pili!" Mwenye hoteli akavuta kiti.

Balozi akavaa kinyago cha kuchomelea juu chini. Akagusa, kijiti cha kuchomelea kikanata kwenye chuma. Akavuta. Akaweka mguu kwenye kifua cha ndege, akavuta tena.

"Mwalimu," fundi akasema kwa upole, "chuma kimekupenda."

Ukumbi mzima ukacheka. Fundi akakinyofoa kijiti kwa mkono mmoja, akashusha kinyago, cheche zikaruka. Chai haijapoa, ndege kasimama imara. Hakuna aliyeuliza tena nani kamtengeneza.

"Chumba ni chako, fundi," mwenye hoteli akasema.

Fundi akakuna kichwa. "Mimi nina kwangu, mzee. Lakini kuna mama mkwe. Huyu mwanawe mwenye koti alimleta kwangu akasema ni kwa wiki moja, sasa mwaka wa pili. Mpe mama."

Jioni Balozi akafika mapokezi na mfuko wake. "Mwambieni mama, mwanawe yupo."

Mhudumu akapiga simu, akasikiliza. "Anasema upande. Magauni ya kupiga pasi yako kitandani."

Akapanda, angefanyaje? Analala sakafuni, pembeni ya meza ya pasi. Mama akimwambia kola imejikunja, anamweleza kwa utulivu kabisa kwamba hiyo mikunjo ni ya makusudi.

"Nyoosha," mama anasema.