Ombi la Pamba za Masikio kwa Waamuzi Wote, Tukianza na Baba Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Waamuzi,

Kwa heshima zote, na kwa herufi ndogo (mimi ni mtu mwenye haya, shuleni tunasoma kwa lugha mbili na katika zote mbili naambiwa niongeze sauti), nakuomba uwaagizie waamuzi wako pamba za masikio. Uanze na baba yangu. Siku za kazi ni fundi wa kuchomelea mageti. Jumamosi ni mwamuzi, au ndivyo anavyojiita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi iliyopita mshambuliaji wa timu ya nyumbani alijikwaa kwenye kamba ya kiatu chake mwenyewe. Kati yake na beki ungeweza kuegesha basi. Jukwaa zima likalia, "Penaltiii!" Baba akatazama mpira, akatazama jukwaa, akapuliza filimbi. Wageni walipoangushwa kweli, mashabiki wao sita wakasema kwa adabu, "Jamani, refa?" Akapunga mkono, mchezo uendelee. Nakiri nilikuwa wa saba pale, na sikufungua mdomo. Lakini filimbi ya nini? Si wangelikabidhi jukwaa lipulize lenyewe!

2. Nyumbani ni yaleyale. Mdogo wangu akitaka rimoti hulia kama king'ora, anapewa. Nikisema ni zamu yangu, naambiwa, "Wewe mkubwa bwana, mwachie mwenzako." Nimetolewa nje bila kucheza rafu.

3. Shangazi alipaza sauti kwamba sebule ipakwe rangi ya zambarau. Sasa tunaishi ndani ya zambarau.

4. Hili ndilo linaloniuma. Fomu ya kozi yenu ya waamuzi chipukizi inataka saini ya mzazi kabla ya Ijumaa. Nimemwomba mara tisa. Kila mara hujibu, "Eeh, mwanangu, nimesikia." Fomu iko juu ya friji wiki ya tatu, imekaliwa na sufuria. Nami nataka sana kuwa mwamuzi, ila wa kuamua kwa macho.

Kwa hiyo, pamba. Pamba zikishindikana, mechi zichezwe viwanja vitupu, akina shangazi wasubiri nje ya geti. Hilo nalo likishindikana, nchi nzima inyamaze kila Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Mimi nimenyamaza miaka kumi na sita na sijafa.

Nisalimie katibu, washika vibendera, na yule mzee wa kuchora mistari ya chokaa. Mistari yake haijawahi kusogezwa na kelele za mtu.

Wako mtiifu, kwa sauti ya chini,
Binti wa Refa

Nyongeza: Leo Alhamisi nilipanda juu ya kochi nikapiga ukelele: "BABA! SAINI!" Mdogo wangu akanyamaza. Shangazi akaangusha kijiko. Baba akaruka, akasaini bila kusoma, akasaini hadi sehemu ya mwombaji. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, siku zote hizi mbona hukusema?"

Tafadhali, pamba zisiagizwe kwanza. Kesho nashughulikia rangi ya sebule.