Nyuki Wangu na Nyati wa Mkwe

Jumamosi, 4 Mei
Mke wangu Awatif bado yuko kwao. Kasirani. Kosa langu: nilimuuza nyati wake wa maziwa nikanunua mizinga ya nyuki. Kosa lake: hana subira. Ametuma neno kwamba harudi mpaka nyati asimame tena horini. Nyati! Mimi nitamrudisha kwa asali. Asali ya maua ya barsimu, yale majani ya mifugo; nyeupe, ya kugombaniwa Kairo. Kinachokosekana ni maua tu. Na shamba la barsimu lililo karibu ni la baba yake, Haji Zeidan, anayeikata kila inapotaka kuchanua ili alishe nyati wake. Kwa hiyo mshindani wangu ana pembe.

Nyumba kimya. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Mkate umekauka. Nimemkumbuka sana. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 6 Mei
Sikukuu ya Sham en-Nasim. Watu wote mashambani na samaki wa chumvi na mayai ya rangi. Nikampelekea mkwe samaki bora kuliko wote. Akamla mpaka mkia. Ndipo nikaomba aiache barsimu ichanue, mara hii moja tu. Akaniuliza nyati atakula nini, mashairi? Nikasema majani nitaleta mimi. Akacheka mpaka mwiba ukamkwama. Lakini kakubali, kwa sharti: nyati akikosa chochote, mundu unaingia shambani.

Awatif alikuwa kando na mama yake, akimenya yai. Hakunitazama. Mara moja tu. Nina hakika.

Alhamisi, 9 Mei
Nyasi za mfereji zimekwisha. Watu wengine nao wana mifugo, hawana adabu. Mgongo wangu! Kisha wazo: majani ya kitunguu saumu. Mavuno yamepita, yametupwa marundo kwa marundo. Nyati kala vizuri. Ushindi!

Ijumaa, 10 Mei
Si ushindi. Maziwa yananuka saumu. Siagi inanuka saumu. Mama mkwe katoka nje akatangazia kijiji kizima kwamba huyu mwanamume alimuuza nyati wa binti, na sasa wa baba anamtia viungo angali hai. Haji kasema kesho anakata.

Kesho! Na vichwa vya maua vimeanza kuonyesha weupe! Baada ya magharibi nimeihamishia mizinga yote katikati ya barsimu. Nani atapitisha mundu kati ya nyuki? Akili ni nywele, na mimi sina kipara.

Jumamosi, 11 Mei
Nilisahau kwamba asubuhi nyati hufungwa humo humo shambani.

Nyuki waliohamishwa hawana utani. Nyati alikata kamba, akajitupa mferejini, akazama mpaka puani. Akagoma kutoka. Haji alibembeleza, akaapa, akautukana ukoo wangu. Mimi niliingia nikamvuta mkia, nikaishia kukaa matopeni. Mwishowe Awatif akakunja gauni, akaingia, akamwita kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia wake. Nyati akatoka. Mimi pia nikatoka, ingawa sikuitwa.

Akaniambia, “Metwali, uliuza mnyama aliyekuwa akiijua sauti yangu. Na hata hukuniuliza.” Nikajibu kwamba asali itakuwa nzuri sana. Akaondoka na nyati.

Jumatatu, 20 Mei
Hakuna anayethubutu kuingia shambani. Barsimu imechanua yote! Niliogopa nyuki watadharau chakula cha mifugo. Wapi! Wanatoka mbio, wanarudi wazito, wanadondokea mlangoni mwa mzinga. Haji analisha nyati majani makavu ya ngano na kuniombea mabaya kila baada ya swala.

Alhamisi, 6 Juni
Asali imejaa masega. Nyeupe kabisa! Nikajivuna mbele ya watu. Haji akaniuliza, mbele ya watu hao hao: mizinga ilinunuliwa kwa nyati wa binti yangu, nyuki wamekula barsimu yangu, sasa wewe bwana chako hapa ni kipi? Nikasema: wazo. Walicheka vibaya sana. Awatif hakucheka. Kauza asali, kauza na mizinga, kanunua nyati.

Jumapili, 9 Juni
Amerudi! Kaingia, nyati mbele yake. Mkate wa moto. Nimelia, nikasingizia moshi wa tanuri. Nimemwapia baba yake kwamba mnyama wa mke wangu sitamuuza tena. Kiapo cha kweli kabisa. Simgusi.

Sasa yuko nje anakamua. Kumbe akikamua huvua bangili zake za dhahabu akaziweka dirishani. Mtu mmoja sokoni amenieleza habari za viwavi wa hariri. Hawaumi. Hawaruki. Wanataka majani ya mforsadi tu, na mforsadi mkubwa uko uani kwa mama mkwe. Bangili zimelala pale, hazifanyi kazi yoyote.

Sitamuuliza. Nataka iwe zawadi.